Sindano Karibu na Mshipa: Je, Mgonjwa Ameelezwa Nini?

Kwa muda mrefu wasomi wa Kiswahili nchini Kenya wamekuwa wakilumbana kuhusu istilahi. Tumeshindania kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Tumeshindania rununu na simu ya mkononi. Katika makongamano mengine tumebishana hadi mishipa ya shingo ikatusimama. Sina nia ya kuubeza mjadala huo, kwani lugha isiyozalisha istilahi hudumaa. Hata hivyo, umetufanya tuamini kwamba udhaifu wa Kiswahili katika nyanja za sayansi unatokana na maneno ambayo bado hatujayabuni. Makala haya yanadai kwamba, katika utabibu, hatari kubwa zaidi imo katika maneno tuliyo nayo tayari, yale ambayo kila mtu anadhani anayaelewa. Nitayatazama matatu, yaani mshipa, tezi na sindano, kwa sababu hukutana mahali pamoja: pale mgonjwa anapolala chali, shingo ameigeuza upande, na daktari anajiandaa kuchukua chembechembe kutoka kwenye tezi iliyojibana kando ya mshipa mkubwa wa damu, akiongozwa na picha ya altrasaundi.

Ni vyema tuielewe shughuli yenyewe kabla ya kuijadili lugha yake. Mwilini mna mamia ya tezi za limfu, na sehemu kubwa ya hizo imo shingoni. Ni vijifuko vidogo, vingi vikiwa na ukubwa wa harage au pungufu, ambamo majimaji ya limfu huchujwa na chembechembe za kinga hupambana na maradhi. Tezi ikivimba na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa, sababu huweza kuwa nyingi: kidonda cha jino, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, saratani ya tezi zenyewe iitwayo limfoma, au saratani iliyoanzia kwingine, mathalan nyuma ya pua au kooni, ikahamia hapo. Kuipapasa kwa vidole hakutoshi kuzitenganisha sababu hizi. Hata altrasaundi, ambayo huonyesha umbo la tezi, ukubwa wake na jinsi damu inavyoingia ndani yake, huishia kwenye kushuku tu. Jawabu hupatikana pale kipande cha tezi kinapotiwa chini ya hadubini au kinapopimwa maabara.

Sindano zinazotumika ni za aina mbili. Ipo sindano nyembamba, ambayo kipenyo chake huweza kuwa kama nusu milimita, inayofyonza seli chache. Njia hii si ngeni. Madaktari Hayes Martin na Edward Ellis wa New York waliandika kuihusu mwaka 1930. Ipo pia sindano nene kidogo, aghalabu ya zaidi ya milimita moja, ambayo hukata kijiti chembamba cha tezi ili mpangilio wa seli uonekane. Kwa kifua kikuu ile nyembamba mara nyingi hutosha, hasa tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2013 kwamba kipimo cha Xpert kitumike pia kwa sampuli za tezi. Kwa limfoma mambo ni tofauti, kwani daktari wa patholojia huhitaji kuona jinsi seli zilivyopangana, wala si seli zilizotawanyika tu.

Altrasaundi huleta usalama kwa sababu daktari huiona sindano ikisafiri. Ateri huonekana ikipigapiga, na vena hubonyea mara kifaa kinapokandamizwa juu ya ngozi. Akiwasha rangi, damu inayotiririka hujitokeza kwa wekundu na ubuluu. (Wengi hudhani wekundu ni ateri na ubuluu ni vena. Sivyo. Kwa kawaida wekundu ni damu inayokielekea kifaa na ubuluu ni ile inayokiepuka. Anayefuata rangi bila kufikiri huweza kupotoka.) Daktari huchagua njia inayokwenda sambamba na mshipa badala ya kuuelekea, na nafasi ikiwa finyu huweza kuingiza maji ya chumvi au dawa ya ganzi kati ya tezi na mshipa ili vitengane kwa milimita kadhaa. Kwa namna hii, tezi ambayo zamani ingehitaji chumba cha upasuaji huchunguzwa katika dakika chache, na mgonjwa akarejea nyumbani siku iyo hiyo.

Sasa tulitazame neno mshipa. Tezi nyingi za kina cha shingo zimejipanga kando ya ala moja nyembamba ambamo mmepita vitu vitatu: ateri ya karotidi ipelekayo damu kichwani, vena ya jugula iirejeshayo moyoni, na neva ya vagasi inayopitisha amri za ubongo hadi kooni, moyoni na tumboni. Kiswahili cha kila siku huviita vyote vitatu mishipa. Kikitaka kuvipambanua, husema mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, lakini ni nani asemaye hivyo anapoharakisha? Kano ya mguu ikivutika, wengi husema mshipa umevutika. Mwanamume mwenye ngiri husemwa ana mshipa. Wingi huu wa maana ni utajiri kwa mshairi. Kwa mgonjwa anayeambiwa, “Tezi yako iko karibu na mshipa, kuna hatari kidogo,” ni kiza.

Ni hatari ipi hiyo? Ateri ikitobolewa, damu hutoka kwa msukumo na huhitaji kukandamizwa kwa nguvu na kwa muda. Vena huvuja taratibu, na kidole kilichokazwa juu yake mara nyingi humaliza kazi. Neva ikijeruhiwa haitoi damu ya kutisha. Humwachia mtu ganzi, bega legevu au sauti iliyobadilika, kutegemea ni neva gani. Matatizo haya ni nadra mikononi mwa mjuzi, lakini anayetakiwa kutia sahihi ana haki ya kujua anakubali lipi. Mgonjwa aliyesikia mshipa akafikiria kupooza huweza kukataa kipimo ambacho kingemwokoa. Aliyesikia mshipa akafikiria kuvutika kwa mguu atakubali bila kuwaza, na wala hatakumbuka kutaja kwamba kila asubuhi humeza dawa ya kuzuia damu isigande.

Tezi nalo lina vituko vyake. Tuna tezi dume, tuna tezi za mate na za jasho, tuna tezi la shingo ambalo wengine huliita rovu, na tuna mitoki ya kinena. Mtu akiambiwa ana tezi, husikia ugonjwa. Kwamba kila binadamu anazo tezi tangu kuzaliwa ni habari asiyopewa. Nao uchunguzi ukionyesha kifua kikuu, linazuka jambo ambalo sijaona likijadiliwa ipasavyo katika majarida yetu. Daktari humwambia, “Una kifua kikuu cha tezi za shingo.” Kifua, shingoni? Mgonjwa hakohoi, hatemi damu, kifua chake hakina neno. Jina lililobuniwa kwa ugonjwa wa mapafu limebebeshwa ugonjwa unaoweza kukaa kwenye tezi, uti wa mgongo au utando wa ubongo. Matibabu yake ni ya miezi kadhaa. Yamkini asiyeliamini jina hataziamini dawa zake, hasa uvimbe ukianza kupungua na akajiona amepona.

Hata hivyo, neno linalonishughulisha zaidi ni sindano. Katika Kiswahili chetu mtu hudungwa sindano ili atibiwe. Sindano huingiza: huingiza dawa, huingiza chanjo. Kuna wagonjwa ambao hawaridhiki na vidonge hadi wadungwe. Tuchukulie kwamba mzee wa miaka sitini kutoka Voi, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kidawida, ametumwa hospitali ya rufaa kwa ajili ya uvimbe shingoni. Anaambiwa, “Leo tutakudunga sindano hapa shingoni.” Anadungwa, anabandikwa plasta, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Nauli ni ya kukopa. Maumivu hayapo. Kwa ufahamu wake ameshatibiwa, na Kiswahili alichoambiwa hakimkanushi. Jibu lake litakaa kwenye faili likimngoja, nalo huenda ni jibu la limfoma, ugonjwa ambao aina zake kadhaa hutibika vyema zikiwahiwa. Hapo kilichokosewa ni kitenzi.

Wapo wanaojaribu kuepuka sindano kwa kusema, “Tutakutoa kinyama.” Nia ni njema, kwa maana ya kinyama kidogo, lakini kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua maana nyingine ya kinyama. Mtu aliyelala kitandani akisubiri kuchomwa shingo hahitaji kukumbushwa unyama. Istilahi biopsi ipo, na inafaa katika fomu na mihadhara. Kwa mzee wetu ni sauti tu.

Msomaji huenda akauliza: haya si mambo ya unasihi tu, ya kumtuliza mgonjwa, ilhali kazi yenyewe hufanywa na mikono ya daktari? La. Katika tezi iliyo karibu na ateri, lugha ni sehemu ya usalama wenyewe. Mgonjwa akimeza mate, zoloto hupanda na kushuka, na shingo nzima husogea pamoja nayo. Akikohoa au akijibu swali, vivyo hivyo. Isitoshe, baadhi ya sindano nene huendeshwa kwa springi: daktari akifyatua, ncha huruka mbele, kwa vifaa vingi kati ya sentimita moja na mbili, na hutoa mlio mkali. Daktari hupima umbali huo kwenye kioo kabla ya kufyatua, na pengine huchagua sindano ambayo ncha yake haiendi mbele zaidi ya pale alipoifikisha kwa mkono. Lakini hesabu yake hutegemea shingo iliyotulia. Mgonjwa ambaye hakuambiwa kuhusu mlio atashtuka. Aliyeambiwa “usimuvu” na mtu anayeharakisha pengine atageuka kuuliza, “Ati nini?”

Ndiyo maana ninadai kwamba tunachokosa ni matini, wala si orodha ya maneno. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, na TUKI hao hao wakatoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Ni kazi zinazostahili heshima, na ateri, vena na neva ni maneno yanayotufaa katika maandishi ya kitaaluma. Lakini hakuna mgonjwa aliyewahi kuelezwa kwa kusomewa kidahizo. Anayehitajika ni mtu wa kuandika mazungumzo yenyewe, kwa sentensi fupi zinazotamkika, na kuyajaribu kwa watu halisi. Nitathubutu kutoa mfano:

“Mzee, hapa shingoni pako kuna tezi iliyovimba. Kila mtu anazo tezi hizi. Huvimba zinapopigana na ugonjwa. Hatujajua ni ugonjwa gani, na leo hatukutibu bado, leo tunautafuta. Nitatumia sindano, lakini hii haitii dawa ya kuponya. Inachukua kitu kidogo kutoka ndani ya tezi, tukipeleke maabara. Kwanza nitaweka ganzi, utahisi inachoma kidogo. Kando ya tezi pana njia kubwa ya damu, hii inayopiga ukiwekea kidole. Nitaiona kwenye kioo muda wote, na sindano haitaielekea. Hata hivyo damu kidogo yaweza kuvuja ndani. Tutabana kwa dakika kadhaa, na hutaondoka kabla sijatazama tena. Je, kuna dawa unayomeza ya moyo, au ya kuzuia damu kuganda, au hata aspirini? Kifaa kitalia ta! kama stepla ya ofisini. Usishtuke. Nikisema tulia, usimeze mate, usikohoe, usinijibu. Ukiumia, inua mkono wa kushoto, kichwa ukiache kilivyo. Nikisema pumzika, meza upendavyo. Sasa hebu nieleze wewe: leo tunafanya nini?”

Swali hilo la mwisho ndilo mtihani. Mzee akijibu, “Mnanidunga dawa,” basi maelezo hayajafika, na ni afadhali kurudia sasa kuliko kumngoja wiki mbili. Tazama pia kwamba katika maelezo haya neno mshipa halimo. Nimesema njia ya damu inayopiga, kitu ambacho mzee anaweza kukigusa mwenyewe. Nimeliacha neno ateri kwa makusudi, na pia nimeikwepa ile damu safi na damu chafu tuliyofundishwa shule ya msingi, kwani mgonjwa anayeambiwa mshipa huu hubeba damu chafu atadhani yake imeharibika. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivi ni kuishusha lugha ya sayansi. Ninawajibu kwamba lugha ya kitaaluma ina ngazi. Ateri ni ya ripoti na ya darasa. Njia ya damu inayopiga ni ya kitandani. Mjuzi wa Kiswahili ni yule anayeweza kupanda na kushuka ngazi hizo bila kupoteza ukweli wa jambo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Madaktari wetu husomeshwa kwa Kiingereza, foleni ni ndefu, na mgonjwa wa Turkana au wa Migori huenda Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Ninakubali yote matatu. Lakini maelezo niliyoyatoa hayachukui dakika mbili kuyasema, na kipimo kinachorudiwa kwa sababu mgonjwa alisogea huchukua muda zaidi. Kuhusu lugha za nyumbani, matini iliyonyooka katika Kiswahili ndiyo daraja ambalo muuguzi anaweza kulivuka kwenda Kidawida au Dholuo. “Kuna hatari ya mshipa” haitafsiriki kwa namna yoyote, kwa sababu mfasiri naye hajui ni mshipa upi. Nayo sheria imeshatutangulia. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Sheria imeagiza, aliyepaswa kuandaa lugha yenyewe ni nani kama si sisi?

Wala tusidai kwamba umma hukataa maneno mapya ya afya. Mwaka 2020 barakoa, neno la kale la vazi la kufunika uso, lilitoka kamusini likaingia katika matatu, sokoni na kanisani kwa muda mfupi, kwa sababu kila mtu alikuwa na haja nalo na alilisikia ndani ya sentensi iliyomwambia la kufanya.

Kwa hiyo ningependa kuona miradi ya utafiti ya namna nyingine katika idara zetu. Dhamira na maudhui ya riwaya zile zile zimechambuliwa vya kutosha kwa sasa, zitatusubiri. Wanafunzi wawili au watatu wakishirikiana na wenzao wa shule za udaktari na uuguzi, wakapata idhini ya kamati za maadili kama inavyotakiwa, wanaweza kurekodi jinsi kipimo kimoja tu kinavyoelezwa kwa Kiswahili, kisha waandike matini mbadala na kuilinganisha na ile iliyozoeleka. Wasianze na hospitali nzima. Tezi ya shingo inatosha.

Na ikiwa watakosa mahali pa kuanzia, waanze na majibu. Sampuli ya sindano nyembamba huweza kurudi maabara ikisema mambo mawili tofauti kabisa: kwamba tezi imechunguzwa na haikukutwa na dalili ya ugonjwa uliotafutwa, au kwamba seli zilizopatikana hazikutosha kusema lolote. Kwa Kiswahili cha kawaida hali zote mbili huweza kuelezwa kwa sentensi moja: “Hawakuona kitu.” Mgonjwa wa kwanza huweza kufurahi, kwa tahadhari. Wa pili hana sababu ya kufurahi. Anapaswa kupimwa tena, pengine kwa sindano nene. Ninapendekeza wa kwanza aambiwe, “Tumeitazama tezi, na ugonjwa tuliokuwa tukiushuku hatukuuona, tutaendelea kuifuatilia,” naye wa pili, “Tulichokitoa ni kidogo, hakikutosha kupimwa, hatujajua, inabidi turudie.” Katika rasimu ya kwanza niliandika “chembe hazikutosha,” kisha nikasita. Sina hakika kama mkulima akisikia chembe hufikiria seli au hufikiria punje za mtama, na hilo ni jambo ambalo mwanafunzi mmoja anaweza kulichunguza katika likizo moja tu.